Mtu Haandikwi Mara Mbili

Mama mkubwa wangu, dada wa kwanza wa mama yangu, alifanya kazi miaka thelathini na moja ndani ya chumba kimoja, akichora nani alizaliwa na nani. Ofisini walimwita Bi Mistari. Nyumbani tulimwita Mama Mkubwa na tulimwogopa kidogo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumkatiza mtu anayesimulia habari za harusi na kumwuliza, "Bibi harusi ni mtoto wa nani? Kwa mama yupi?" Ukishindwa kujibu, habari yako imeishia hapo.

Lazima niseme neno juu ya wafalme, ingawa mimi binafsi hawanishughulishi. Mjini kwetu zilikuwepo koo mbili za kifalme, Nyumba ya Juu na Nyumba ya Chini. Ziliitwa hivyo kwa sababu moja ilijenga mwanzo wa barabara kuu, kwenye mwinuko, na nyingine mwisho wake. Watu wa Chini hawakulipenda jina hilo, lakini hakuna aliyewauliza. Jeshi hawakuwa nalo tena, wala mamlaka. Walibakiwa na majumba mawili yanayovuja, bendera, wafagizi watatu, na heshima nyingi isiyo na kazi.

Kwa vizazi saba koo hizo zilikuwa zimeozana zenyewe kwa zenyewe. Juu walitoa binti, Chini wakatoa kijana, kizazi kinachofuata ikawa kinyume chake, mpaka ikafika mahali ukimvuta mmoja wanakuja wote, kama nguo zilizosokotana kwenye beseni. Yupo bwana mmoja katika chati aliyeoa dada wa mke mdogo wa babu yake, akawa shemeji wa babu. Mama Mkubwa alimpenda sana bwana huyo. Alisema kumchora kulimchukua siku nne na raba mbili, na hiyo ilikuwa bado penseli tu.

Mwishowe watoto wakaanza kuzaliwa dhaifu. Mmoja hakuona. Mwingine akijikwaruza tu, damu haikomi. Madaktari wakasema la kusema, na kwa mara ya kwanza wafalme wakasikiliza. Ikatungwa sheria ya hatua nne: wawili wa koo hizo hawataoana wakiwa na mzazi wa pamoja ndani ya hatua nne. Mama yako ni hatua ya kwanza, mama wa mama yako ya pili, unaendelea kupanda hivyo hivyo. Ukikutana na mwenzako kwenye hatua ya tano, haya, oaneni. Mkikutana kwenye ya nne, basi, kila mtu ashike njia yake. Na mtu wa kuhesabu hatua hizo na kutia saini alikuwa Bi Mistari.

Niliwahi kumwuliza kwa nini watu hawa wasijihesabie wenyewe. Akanijibu kwamba mtu wa kawaida humkumbuka bibi yake kwa kuwa hana pengine pa kumtunza. Wafalme wana chati. Ukiwauliza habari za bibi zao wanakwambia, "Ngoja tukaangalie."

Chumba cha nasaba kilikuwa nyuma ya ukumbi wa makumbusho ya koo hizo. Meza moja ndefu iliyoinama kidogo, taa ya kukunja shingo, rula ya chuma, kabati lenye droo za kadi, na kiti ambacho Mama Mkubwa alikitengeneza mto mwenyewe kwa sababu ya mgongo. Kila mtu alikuwa na kadi yake kabla hajaingia kwenye chati. Na kanuni zilikuwa mbili, zimeandikwa juu ya mlango kwa ndani.

Ya kwanza ilisema mtu haandikwi mara mbili. Kwa watu waliooana ndugu kwa ndugu, bibi yule yule anaweza kukujia kwa upande wa baba na tena kwa upande wa mama, na mchoraji mgeni humchora sehemu mbili, chati ikajaa watu ambao hawakuwahi kuwepo. Kwa hiyo kabla ya kumchora yeyote, unamtafuta kwanza. Ukimkuta yupo, unauleta mstari mpaka pale alipo.

Ya pili ilisema wino haufutwi. Ukikosea, unabandika kando ya kosa kipande cha karatasi, kibandiko walikiita, chenye sahihisho, tarehe, na saini kamili ya aliyekosea. Chati ilitundikwa ukumbini ambako kila mgeni anapita. Na chati ikichorwa upya, kibandiko nacho huhamia kwenye mpya, kikae kizazi kimoja, ili hata aliyesoma ya zamani ajue kilichobadilika.

Mchoraji aliyemtangulia Mama Mkubwa aliacha vibandiko tisa. Mama Mkubwa alikuwa akivitaja vyote tisa kimoja kimoja, kwa furaha ambayo haikumpendeza mtu wa umri wake. Yeye hakuwa na hata kimoja. Hakuwa pia na mume wala mtoto, na sisi wa nyumbani tulijifunza kutoligusa jambo hilo. Alikuwa na chati isiyo na kibandiko, basi, na alitaka kustaafu nayo hivyo hivyo mwisho wa mwaka ule.

Mwaka wenyewe ulianza na shughuli. Mrithi wa Nyumba ya Juu alikuwa anaoa mwezi wa sita, msichana wa nje kabisa, mtoto wa mfamasia, hakuna hatua za kuhesabu. Ikaamuliwa kwamba kwa harusi hiyo chati ichorwe upya. Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo ya pasipoti na harusi, na kazi ya kupiga picha chati ya zamani kabla haijateremshwa nilipewa, nakiri, kwa kujuana. Ndiyo sababu mwezi wa tatu nilikuwa juu ya ngazi ukumbini siku alipofika nesi mmoja na boksi.

Nesi huyo alikuwa mjukuu wa mkunga aliyewazalisha wake za wafalme zamani. Alikuwa anahama nyumba na hakutaka kubeba makaratasi. Ndani ya boksi mlikuwa na daftari la mkunga, jalada gumu, mwandiko wa kubana. Mama Mkubwa alilipokea kama mtoto anayepewa peremende, akaenda nalo mezani, akaacha mlango wazi. Kwa muda nilimsikia akisoma kwa sauti na kucheka. Kisha nikawa sisikii kitu.

"Hebu shuka," akaniita. "Njoo unisomee hapa, pengine miwani imechoka."

Nikamsomea. Katika ukurasa mmoja mkunga ameandika kwamba malkia wa Nyumba ya Juu, yule aliyetoka Nyumba ya Chini, amejifungua mtoto wa kike, na jina la mtoto. Pembeni, kwa kalamu nyingine, imeandikwa kwamba mtoto huyo amefariki akiwa na miaka miwili, na mama yake baada yake. Kurasa nyingi mbele, miaka mitano baadaye, mfalme yule yule amepata mtoto mwingine wa kike. Jina ni lile lile. Mama wa mtoto huyu wa pili ni binti wa daktari wa mjini, mke aliyekaa jumbani miezi kumi na minne akaachwa.

"Wasichana wawili," nikasema.

"Wawili," akasema Mama Mkubwa. "Na mimi nimeandika mmoja."

Akafungua droo, akaitoa kadi bila kuitafuta. Ilikuwa kadi ya mwaka wake wa kwanza kazini, mwandiko wake wa ujanani, wenye mikia mirefu. Rejesta ya jumba ilikuwa na jina hilo mara mbili, baba yule yule, tarehe mbili zilizopishana miaka mitano. Vifo vya watoto wa chini ya miaka saba jumba halikuviandika, ilionekana ni kujitafutia mkosi. Yule binti wa daktari naye hakuandikwa popote, kwa sababu wafalme wakimwacha mtu wanamwacha kweli kweli. Kwa hiyo Bi Mistari, akiwa na miaka ishirini na nane na kanuni ya kwanza ikiwa juu ya kichwa chake, aliona jina moja mara mbili, akafanya alivyofundishwa. Mtu haandikwi mara mbili. Pembeni ya kadi ameandika kwa penseli: "Tarehe ya pili imekosewa na karani."

Msichana aliyefariki akapewa maisha ya mwenzake, na aliyeishi akapewa mama wa marehemu. Akaolewa, akazaa, akazeeka, akazikwa akiwa ameongezewa miaka mitano, na hakuna wa ukoo aliyepiga kelele. Sababu naijua mimi: nani atakataa kuambiwa bibi yake alikuwa malkia?

Nilidhani Mama Mkubwa anaumia kwa ajili ya kibandiko. Nikataka kumpoza. Nikamwambia miaka thelathini na moja na kosa moja si haba, yule wa kabla yako alikuwa na tisa. Hakunisikia. Alikuwa ameshafungua kabati jingine, la vyeti, na alikuwa anarudi nyuma mwaka kwa mwaka, mpaka akafika kwenye karatasi moja ya miaka kumi na minane iliyopita. Akaiweka mezani akakaa.

Cheti kilikuwa cha kukataa. Msichana wa tawi dogo la Nyumba ya Juu, mjukuu wa yule binti wa pili, na kijana wa Nyumba ya Chini. Waliomba kuoana. Bi Mistari akahesabu. Msichana: mama, bibi, malkia, na baba wa malkia, mfalme mkongwe wa Chini. Hatua nne. Kijana naye alipanda kwa mfalme huyo huyo kwa hatua nne. Ingeongezeka hatua moja tu, angetia saini ya kukubali. Ametia ya kukataa.

"Na sasa wanakutana wapi?" nikauliza.

Akachukua rula, akapanda kwa kidole, upande huu na upande ule. "Hatua ya saba," akasema. "Hawa si ndugu. Hawakuwa ndugu hata siku moja."

Msichana huyo nilimjua, mji wenyewe ni mdogo. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata wazazi wake walipokuwa hai. Hakuolewa. Kijana alikuwa Mhandisi wa mamlaka ya maji. Miaka mitatu baada ya cheti kile alioa mwanamke wa nje ya koo, wakajaliwa watoto watatu.

Msimamizi wa makumbusho alipoambiwa, alifunga mlango kwanza. Ni mtu mwungwana, anavaa tai hata siku za joto, na hapendi mambo yaende mrama mbele ya wageni.

"Bi Mistari," akasema, "chati mpya si ndiyo uko nayo mezani? Mchore huyo bibi kwa mama yake wa haki, basi. Ya zamani tunaikunja, inaingia stoo. Nani atakaa kulinganisha? Hatuhitaji kibandiko, na siku ya harusi tena."

"Unataka nimhamishe mtu kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mama mwingine, halafu ninyamaze."

"Nataka ustaafu vizuri. Nani anajua?"

"Wewe unajua, mimi najua, na huyu hapa," akanionyesha mimi kwa rula, "hajawahi kufunga mdomo tangu azaliwe."

Nilichukizwa kidogo, lakini alikuwa amesema kweli. Msimamizi akainua mikono. Akamwambia afanye anavyoona, ila yeye hakuwepo.

Kabla ya kubandika, Mama Mkubwa akataka kwenda shuleni. Magoti yake hayakuwa mazuri na daftari lilikuwa zito, nikaenda naye. Njia nzima hakusema neno zaidi ya kunikumbusha nisiingilie mazungumzo ya watu wazima. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Tulimkuta Mwalimu katika chumba cha walimu, wenzake wakiwa madarasani. Feni iligeuka taratibu juu ya rundo la madaftari. Alikuwa anasahihisha, kalamu nyekundu mkononi, na alipomwona Mama Mkubwa alisimama kwa heshima akamvutia kiti. Nilitazama kama ana kinyongo. Sikukiona, ama alikifunika vizuri.

"Shikamoo, mama. Kuna heri?"

"Marahaba, mwanangu. Heri ipo, lakini nimekuja na kosa langu."

Akalifungua daftari, akamweleza moja kwa moja, bila kuzunguka wala kujitetea. Wasichana wawili, jina moja, mama wawili. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akavuta karatasi, akachora mwenyewe, mistari ya haraka haraka ya mtu aliyezoea ubao. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena kutoka upande wa pili, kama wanavyofanya walimu wa hesabu kuhakiki jibu.

"Hapa hatukutani."

"Hamkutani. Mpaka ya saba, kwa upande mwingine."

"Saba," akasema. Akaiweka kalamu chini. "Mama, siku ile nilikuambia. Nilikuambia bibi alikuwa akisema mama yake ni mtoto wa daktari."

"Uliniambia."

"Ukaniambia, 'Mwanangu, hapa hatuandiki ya kuambiwa.'"

"Nilikuambia hivyo."

Hilo mimi sikulijua. Nilimtazama Mama Mkubwa, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwonea aibu, na aibu hiyo ikanichoma kwa sababu nampenda. Yeye hakuangalia pembeni. Alikaa wima na mikono magotini, anasubiri kupigwa.

Darasa la jirani walikuwa wanaimba vitenzi. Nilijiandaa kusikia habari za ndoa iliyopotea, miaka ya upweke, nyumba bila watoto, na nilikuwa nimeshaamua nitatazama dirishani atakapolia.

"Kwa hiyo si kaka yangu," akasema.

"Si kaka yako."

"Mama, unajua ulichonifanyia? Ulininyima mume nikanyamaza. Ukasema huyu ni ndugu yako. Sawa. Nikarudi nyumbani nikaanza kujifundisha kumwita kaka. Mwaka wa kwanza neno lilikuwa linanikwama hapa." Akagusa koo. "Yeye naye hivyo hivyo. Tulikuwa tunaitana kwa shida mpaka tunacheka. Halafu likazoeleka. Alipooa, mimi ndiye niliyesimama upande wake kama dada, kwa sababu hakuwa na dada. Mama yangu alipougua, yeye ndiye aliyembeba kwenye ngazi za hospitali. Watoto wake wananiita shangazi. Huyu wa katikati anaishi kwangu, shule iko karibu, ana kitanda chake, ana ndoo yake ya kuogea. Miaka kumi na minane, mama. Nimemtengeneza huyo kaka kwa mikono yangu. Na leo umekuja kumchukua na yeye?"

Mama Mkubwa alitikisa kichwa tu, macho yamejaa. Nami niliyekuwa nimejiandaa kutazama dirishani sikukumbuka kutazama.

"Nikikuambia usibandike?" Mwalimu akauliza.

"Nitabandika."

"Sasa umekuja kuniuliza nini?"

"Sikuja kukuuliza, mwanangu. Nimekuja kukuambia, usije ukasoma ukutani. Na nimekuja kukuomba radhi. Unaweza usinipe."

Mwalimu akachukua karatasi aliyoichora akaikunja mara nne, ndogo kabisa, akaitia kwenye mkoba. "Bandika," akasema. "Ningekuwa mimi ndiye nimekosea ubaoni, ningefuta mbele ya darasa. Ila yeye usimwambie. Akisoma mwenyewe, amesoma. Mimi simwambii." Akavuta daftari lililofuata. Kuhusu radhi hakusema kitu, na Mama Mkubwa hakurudia kuomba.

Kibandiko kikaandikwa. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, kama stempu mbili. Mama Mkubwa alitia saini jina lake lote, na la baba yake, ambalo hakuwa na desturi ya kulitumia.

Harusi ya Mrithi ilikuja mwezi wa sita. Nilipewa kazi ya picha, tena kwa kujuana, na baada ya sherehe wageni wakajaa ukumbini chini ya chati mpya. Mama Mkubwa alikuwa amewekewa meza kando yangu na orodha. Kazi yake ilikuwa kuandika nani yumo katika kila picha na ni nani wa nani, na kanuni ya jumba ilisema lazima amwulize kila mtu mwenyewe, hata kama anawajua kuliko wanavyojijua.

Wengi hawakukiona kibandiko. Walitafuta majina yao, wakayapata, wakaridhika, wakarudi kwenye vinywaji. Msimamizi alikuwa amesogeza chungu kikubwa cha maua pale pale chini yake. Lakini binti wa katikati wa Mhandisi, yule anayeishi kwa Mwalimu, ana miaka kumi na miwili na hasogezwi na maua. Alichungulia, akasoma, akamwita baba yake kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima.

"Baba, njoo uone! Shangazi wamembadilishia mama wa bibi yake!"

Mhandisi akaja akicheka, glasi mkononi. Akasoma. Kicheko kikamwisha usoni. Nilimwona akiangalia juu kwenye chati, akihesabu kwa vidole pajani, kimya kimya, upande mmoja na upande wa pili. Akamwambia mtoto aende kwa mama yake. Kisha akaja mezani kwetu.

"Anajua?" akamwuliza Mama Mkubwa.

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Wiki iliyopita alikuja nyumbani akanigombeza mbele ya mke wangu," akasema, "kwamba sijampeleka mtoto kwa daktari wa meno. Akanigombeza vibaya sana." Alisema kama mtu anayelalamika, lakini sauti ilikuwa imemkauka. "Miezi mitatu yote anajua, na ananigombeza?"

Mama Mkubwa akasema pole.

Mimi nilikuwa na picha za kupiga, na picha za ukoo hazingoji mtu apate nafuu. Nikaita watu wa Nyumba ya Chini wapange mistari. Wakaja na wake zao, wakasukumana, wafupi mbele, wazee kwenye viti. Mwalimu hakuja. Kila harusi ya miaka hiyo yote alisimama na watu wa Chini kando ya kaka yake, na leo alikuwa amebaki karibu na mlango, mkoba mikononi, anatabasamu kwa mbali kama mgeni anayengoja mwenyeji wake. Kwa chati ya ukutani, ukoo ule haukumhusu tena.

Mhandisi akatoka kwenye mstari. Ukumbi ni mrefu, na alitembea wote. Walipofikiana wakasimama. Nilikuwa nimewaweka kwenye lenzi bila kukusudia, nikaona uso wa Mwalimu ulivyojua kwamba amesoma.

"Mtoto ameenda kwa daktari wa meno?" Mwalimu akamwuliza. Alisema kwa nguvu, wengine wakageuka.

"Ameenda."

"Wameziba?"

"Wameziba moja."

"Haya."

Wakarudi pamoja. Mke wa Mhandisi akasogea, akawapa nafasi. Mama Mkubwa alikuwa anapita mstari kwa mstari na kalamu yake, akiuliza kila mtu ni nani wa nani, na watu wanajibu kwa mzaha: mjomba, mkwe, kitukuu mtukutu. Akafika mbele yao. Kanuni ni kanuni. Akamwuliza Mwalimu.

"Na wewe, mwanangu, ni nani wake?"

Mhandisi alifungua mdomo. Sijui alitaka kusema nini, na sidhani kama yeye alijua. Katika watu wote waliosimama pale, tulioufahamu ukweli wote tulikuwa wanne, na ukweli huo ulikuwa umebandikwa ukutani juu ya vichwa vyetu kwa saini ya mama mkubwa wangu.

"Dada," Mwalimu akasema.

Mama Mkubwa akaandika. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuandika uhusiano asioweza kuupandisha kwa mstari, na huo aliuandika kwa wino, herufi kubwa, akapita kwa anayefuata. Mwishoni mwa mwaka alistaafu akiwa na kibandiko kimoja, na hajawahi kunieleza neno lile aliliandikaje. Nami sijamwuliza.

Nilipiga picha tatu, nikitumaini moja itatoka sawa. Katika zote tatu watu wa Nyumba ya Chini wanatazama kamera isipokuwa Mhandisi, anayetazama ubavuni kwake. Mwalimu anatazama mbele, macho makavu, kidevu juu, kama mtu aliyeambiwa asipepese mpaka imalizike.